Shavu la Mzee Kangero

"Hiki siyo kinyoleo, hiki ni panga lililokatwa mpini!"

"Acha maneno. Kinyoleo ni kizima. Nimejinyolea nacho mwenyewe jana, nikapitisha mara moja tu, kidevu kikawa kama yai."

"Kidevu chako! Wewe una ngozi ya kiatu. Nenda kamtazame baba yangu usoni, halafu urudi hapa uniambie habari za mayai."

"Mkono wake wa kushoto haujazoea, Nakijwa. Sasa mimi ningefanyaje?"

"Ungeuliza!"

Mmeuliza wapi imetoka ile methali ya Wembe huchaguliwa na shavu. Imetoka hapo, kwenye ugomvi huo. Walikuwa mtu na mkewe, jikoni, siku ya Alhamisi, wanagombana kwa sauti za chini maana mwenye shavu alikuwa chumba cha pili na masikio yake hayakuwa na kasoro. Leo mnaisikia kwa mshona nguo, mnaisikia kwa wazee wakizungumzia posa, mnadhani ni maneno ya vinyozi. Wala. Kaeni niwaeleze ilivyozaliwa.

Mume aliitwa Mbonea, fundi pikipiki kule juu milimani, Upare. Kijana asiyejua kutulia. Shule aliiacha darasa la sita, akasema ubao unamchelewesha. Mdomo wake haukuwa na breki, ila mikono yake ilikuwa na akili. Mkewe, Nakijwa, alikuwa na mtoto wa wiki tano mgongoni, mtoto wao wa kwanza, wa kiume. Na mwenye shavu ni baba yake Nakijwa, Mzee Kangero, aliyekuja kukaa nao baada ya kupooza mkono wa kulia.

Huyo mzee alifundisha kwaya miaka arobaini, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kuziona ndevu zake. Alinyoa kila asubuhi kabla ya chai. Hata siku ya kumzika mkewe alinyoa kwanza, ndiyo akalia. Mkono ulipokufa, Nakijwa akawa anamnyoa. Alimnyoa kwa upole wote, lakini mzee alikaa amefumba macho kama mtoto anayeogeshwa kwa lazima. Siku moja akamshika mkono binti yake, akasema, "Basi, mwanangu. Inatosha." Kuanzia hapo ndevu zikaota. Nyeupe, fupi, ngumu kama mabua ya mtama yaliyobaki shambani.

Sasa, ingekuwa ndevu tu, nani angejali? Lakini ukoo wa Kangero una mila yake. Mtoto hapewi jina mpaka babu amlaze shavu kwa shavu, amwambie sikioni jina lake, kabla ya mtu mwingine yeyote kulisikia. Ubatizo ulikuwa Jumapili. Mtoto bado alikuwa anaitwa "huyu mgeni". Na babu alikuwa anakataa kumbeba.

"Nitamchoma," alisema. "Jambo la kwanza atakalolijua kwa babu yake liwe miiba?"

Mbonea kusikia hivyo, akapanda pikipiki akashuka hadi sokoni Mwanga. Hakumuuliza mtu. Kichwani alikuwa na hesabu moja: ndevu ngumu, dawa yake chuma kikali. Akachagua kinyoleo chenye meno makubwa, kile cha kufungua juu ukaweka wembe ndani, na wembe wenyewe umetokeza nje kama ulimi wa nyoka. Akakijaribu kwenye kidevu chake, akaridhika, akampelekea mkwe wake.

Mzee alijifungia nacho Alhamisi asubuhi. Alipotoka alikuwa na vipande vitatu vya gazeti vimeganda usoni, vyekundu. Hakulalamika. Alikaa, akanywa chai, akasema, "Jumapili nendeni tu. Mwambieni mchungaji ampe jina analolitaka yeye."

Basi mnaona kwa nini jikoni kulikuwa kunawaka.

Ijumaa Mbonea alirudi dukani Mwanga, amefura. Muuzaji alikuwa mama mmoja mnene, mtulivu, Mama Tunu, anayeuza mikasi, nyembe, vitana na mafuta ya nywele. Akamtazama kijana, akatazama kinyoleo alichokibwaga mezani.

"Umekuja na ngumi au umekuja na swali?"

"Nimekuja na hasira, mama. Umeniuzia kitu kinachochinja."

"Nilikuuliza juzi, cha nani? Ukasema, 'Nipe kikali, nina haraka.' Nikakupa kikali kwa mwenye haraka. Kosa langu liko wapi?"

Mbonea akakigeuzageuza kinyoleo pale mezani. 

"Cha nani?" Mama Tunu akauliza tena.

"Cha baba mkwe. Mkono wa kulia umepooza. Anatumia wa kushoto, unatetemeka."

"Miaka?"

"Sabini na sita."

"Ewe kijana!" Mama Tunu akajipiga kofi pajani. "Shavu la miaka sabini na sita, limelegea kama shuka kwenye kamba, unalipelekea meno ya simba? Lete jicho hapa." Akainua vinyoleo viwili mwangani. "Unauona uwazi huu, kati ya wembe na ukingo wa chuma? Hiki chako uwazi ni mkubwa, wembe umetoka nje unatafuta nyama. Hiki kingine uwazi ni mdogo, wembe umejificha, unagusa unywele tu. Mkono ukikosea, chuma kinapokea, ngozi inapona. Hiki ndicho tunaita kipole."

Mbonea akakisogeza machoni.  Halafu uso ukamfunguka.

"Kama plagi," akasema.

"Plagi gani tena?"

"Plagi ya pikipiki. Ukiacha uwazi mkubwa ukidhani utapata moto mkali, injini inakusumbua. Lazima upime kwa injini yenyewe, siyo kwa kichwa chako."

"Haya. Na injini yako umeiacha nyumbani, umekuja kupima kwa kidevu chako." Mama Tunu akachukua kinyoleo cha simba, akaongeza cha bati jepesi, na cha tatu kile kipole cha stenlesi, kizito, laini, kisicho na meno. Akavifunga kwenye karatasi. "Nenda navyo vyote. Akichagua yeye, viwili nirudishie. Mimi siuzi tena kwa kidevu cha fundi."

Jumamosi mchana Nakijwa alienda kisimani na mtoto. Mbonea akaingia kwa mzee. Kumgusa mkwe wake uso, hilo asingethubutu, na wala hakuja kwa hilo. Alikaa chini kwenye mkeka, akafungua karatasi, akavipanga vinyoleo vitatu. Alikuwa ameandaa hotuba nzima njiani. Ilipofika wakati, hotuba yote ikayeyuka.

"Baba," akasema, "mimi nilikosea. Nilinunua bila kukuuliza. Sasa nauliza. Unataka nini?"

Mzee Kangero aliutazama mkono wake wa kulia, uliolala pajani.

"Unajua," mzee akasema, "tangu mkono huu ufe, watu wananiuliza kama nimekula. Wananiuliza kama nimelala. Kama nasikia baridi. Nataka nini, hilo hujaniuliza wewe wala binti yangu."

"Ndiyo nauliza sasa, Baba."

"Nataka kujinyoa mwenyewe. Nikae peke yangu na uso wangu. Hata nikichukua asubuhi nzima. Binti yangu ananinyoa vizuri, Mungu ambariki, lakini kila akininyoa najiona maiti inayoandaliwa."

 Mbonea alisogeza vile vinyoleo karibu na mkono wa kushoto wa mzee. Havikuwa na wembe ndani.

Mzee akafumba macho. Akakishika cha meno, akakipitisha shavuni mara moja, akakirudisha chini. "Huyu ana hasira."

Akashika cha bati. Alikipitisha polepole, mkono ukaanza kutikisika. "Huyu hana uzito. Inabidi nimkandamize, na mkono wangu ukikandamiza ndipo unapotetemeka."

Akashika cha stenlesi. Akakiacha kiteleze kutoka sikioni mpaka taya. Mkono ulitetemeka kidogo, ukatulia. Akarudia. Akarudia tena, macho yamefumba, na Mbonea akaona mabega ya mzee yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo.

"Huyu anajiendea mwenyewe," mzee akasema. "Mimi namwonyesha njia tu."

Na Mbonea, mdomo bila breki, akashindwa kujizuia. "Lakini Baba, hicho hakili ndevu. Utapitisha mara tatu ndiyo ziishe."

"Nitapitisha mara tatu. Nina haraka ya kwenda wapi?" Mzee akafumbua macho. Akacheka, na vile vidonda vitatu vikamuuma, akakunja uso, akacheka tena. "Sikiliza, mwanangu. Wembe huchaguliwa na shavu. Mkono kazi yake kubeba. Na mfuko kazi yake kulipa. Lakini anayekatwa ni shavu, basi liulizwe shavu."

Jumapili alfajiri Mbonea aliweka wembe mpya ndani ya kile cha stenlesi, maana kukifungua kwa mkono mmoja ilikuwa shida. Alikikaza kama anavyokaza nati ya gurudumu la mbele, akapitisha kitambaa, akakiweka kando ya karai la maji ya moto. Mzee akamwambia ahsante, akamwonyesha mlango.

Nje, kijana hakutulia. Kengele ya kwanza ya kanisa ikalia. Nakijwa akatoka amejifunga kitenge kipya, mtoto kifuani amevaa nyeupe.

"Umeenda mlangoni kwake mara ngapi?"

"Sijaenda."

"Vumbi lote la uani liko mlangoni, Mbonea. Na alama za viatu ni zako."

"Kimya kimezidi. Je, kama amejikata?"

"Shh. Sikiliza."

Walisikiliza. Mle ndani mzee alikuwa anaimba. Kwa sauti ya chini kabisa, besi, bila maneno, anasimama pale wembe unaposimama, anaendelea pale unapoendelea. Nakijwa hakuwa amemsikia baba yake akiimba tangu mkono upooze. Akageuzia uso wake ukutani, na mumewe akajifanya anaangalia kuku wa uani.

Mlango ukafunguka kengele ya pili ilipokuwa inalia. Mzee Kangero alisimama kizingitini, shati jeupe, uso unang'aa kwa mafuta. Hakuna gazeti, hakuna damu mpya. Chini ya sikio la kushoto palibaki kishungi kidogo cha ndevu, kama kijisehemu ambacho mlimaji amekisahau pembeni ya shamba. Mbonea alikiona. Mdomo ukafunguka.

Akaufunga.

Nakijwa akamweka mtoto kwenye mkono wa kushoto wa babu yake, akauegemeza ule wa kulia chini ili uonekane nao unabeba. Mzee akainama. Akalaza shavu lake juu ya shavu la mtoto. Mtoto akashtuka kwa ule ubaridi wa mafuta, wote watatu wakashika pumzi. Halafu akageuza kichwa, akafungua kinywa, akaanza kulinyonya shavu la babu yake kwa nguvu zote.

"Hapana, bwana mkubwa," mzee akamwambia. "Hapa hakuna maziwa. Umekosea nyumba."

Nakijwa akacheka huku machozi yanamtoka. Mzee aliacha shavu lake linyonywe, hakuliondoa. Alikuwa amefumba macho tena.

"Haya, tupisheni," akasema bila kuinua kichwa. "Tuna mazungumzo."

Nakijwa akarudi nyuma hatua mbili. Mbonea hakusogea. Wiki tano alikuwa anakisia jina la mwanawe. Alikuwa amelikisia juu ya pikipiki, chini ya pikipiki, usingizini. Na sasa lilikuwa pale pale, kwenye midomo ya mzee, umbali wa mkono mmoja. Mzee alisubiri wasogee.

"Hutaki kulisikia?" Nakijwa akamnong'oneza mumewe. "Labda ukimwomba, leo atakubali."

"Nalitaka mpaka nasikia njaa," Mbonea akasema. "Lakini anayekwenda kuishi nalo ni yule pale, basi alisikie yeye kwanza. Wembe huchaguliwa na shavu, mama."

Akageuka, akaenda zake kuwasha pikipiki.