Gunia la Bi Mwanakheri

Bwana Afya Mkwizu aliingia uani kwa Bi Mwanakheri na gunia tupu.

"Sheria inataka kila nyumba itoe gunia la taka kwa wiki. Lako liko wapi?"

"Sina taka, mwanangu. Maganda nafanya mboji, makopo napandia mchicha."

"Basi umezificha! Gunia hili lisipojaa ifikapo adhuhuri, naifunga nyumba."

"Niandikie ilani."

Akaandika.

"Na ya mpangaji wangu. Na kuku wangu kumi na saba, kila mmoja na yake, wasije wakasema hawakuarifiwa."

Mkwizu, ambaye hakuwahi kukataa kugonga muhuri, aliandika zote, kila moja nakala kumi.

Adhuhuri, Bi Mwanakheri alimkabidhi gunia limejaa pomoni. Mkwizu akachungulia: ilani zake zote.

"Hizo ndizo taka zangu, mwanangu. Wiki ijayo njoo na wino zaidi."