Goti la Ziwa la Orvelin

Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana mji ninaowapeleka haukutaka kelele kabisa.

Hapo kale, mashariki ya Ufaransa, palikuwa na mji mdogo ulioitwa Orvelin, kando ya ziwa lililonyooka kama fimbo. Watu wake waliamini kwamba ziwa limelala, na likiamshwa litawameza. Basi wakaishi kwa kunong'ona. Kengele za ng'ombe zilijazwa nyasi, na hata harusini watu walicheza wakiwa na soksi tu. Mlinzi wa ukimya huo alikuwa Meya Gaspari, mwenye shamba la kabichi ufukweni na sikio lisilopitwa na chafya.

Mtengeneza jibini wa mji alikuwa Filomena, mwanamke mwenye kicheko kikubwa, na kucheka chinichini kulimchosha. Kila asubuhi mumewe, Fereol, alivuka ziwa kwa mashua kuleta maziwa ya ng'ambo. Siku moja, Fereol akiwa bado ziwani, ukungu ukashuka mzito, hata mkono wako mwenyewe huuoni. Filomena akasimama ufukweni akimngoja. Mwisho wa ziwa palikuwa na maporomoko, na aliyepotea ukunguni mkondo ulimpeleka huko huko.

"Namwita," akasema.

"Ukimwita utatumaliza sote," Meya akanong'ona. "Subira yavuta heri, mama."

"Kwako na ivute heri, mzee. Mimi nataka ivute mashua."

Akakimbia nyumbani, akarudi na sufuria yake ya shaba ya kupikia jibini, akaigonga kwa mwiko: ngo, ngo, ngo. Watu wakaziba masikio. Wengine wakaanza kuagana. Yeye akazidi kugonga huku machozi yanamtiririka.

Ziwa likaamka. Likapiga miayo, likajinyoosha, kisha likakunja goti kama mtu aliyelala vibaya. Goti hilo likaikuta mashua karibu kabisa na maporomoko, likaisukuma mpaka shambani kwa Meya. Fereol akashuka katikati ya kabichi zinazoelea, maziwa yake hayajamwagika hata tone. Hakumezwa mtu. Filomena akamkumbatia, akacheka kwa sauti yake yote, na mji mzima ukamsikia.

Na tangu siku hiyo, ziwa la Orvelin lina kona pale palipokuwa na kabichi. Ukungu ukishuka, kila nyumba hugonga sufuria dirishani mpaka waliomo ziwani warudi. Wa kwanza kugonga, kwa desturi, ni meya. Na agonge kwa nguvu, la sivyo watu humwambia hawasikii.