Hisa za Bei ya Jioni

Hapo zamani, na si zamani sana, wauza nyanya watatu walichoka kunyeshewa sokoni. Siwema, Tabu na Nyamizi wakaunda kikundi, wakachanga fedha wapange duka lenye bati. Nyamizi ndiye aliyekuwa mweka hazina.

Siku moja Siwema akaja na habari. "Hisa za kiwanda cha alizeti zimeporomoka. Shoga zangu, nyanya ya asubuhi ghali, ya jioni bei ya kutupa. Kwenye hisa sasa ni jioni. Tununue."

"Nyanya ya jioni imeanza kuoza," alisema Nyamizi.

"Huyu alizaliwa na woga," Siwema akacheka.

Wawili walisema ndiyo. Kikundi ni kikundi: Nyamizi akatia sahihi, wakanunua.

Hisa zikashuka. Tabu akasema, "Zimekuwa rahisi zaidi. Tukiongeza, zikipanda kidogo tu tumerudisha chetu." Wawili walisema ndiyo. Nyamizi akatia sahihi, wakanunua.

Hisa zikashuka tena. Kiwanda kikafungwa.

Fedha iliyosalia ilitosha kibanda cha watu wawili tu. Nyamizi alifika sokoni na hasira, hata salamu hakutoa.

"Siwema, utakayebaki matopeni ni wewe. Balaa umeleta wewe."

"Nilileta neno, sikumshika mtu mkono. Na mara ya kwanza tulibakiwa na akiba. Aliyetumaliza ni Tabu."

"Mimi nilikuwa naokoa mlichokwisha kutumbukiza," Tabu akafoka. "Na wewe Nyamizi, kaka yako si mlinzi wa kile kiwanda? Hakukwambia kitu?"

Nyamizi alikuwa anajua. Kaka yake alikuwa amemwambia kwamba mashine zimezimwa tangu mavuno, akamwapisha anyamaze asije akafukuzwa kazi.

"Aliniambia mashine zimezimwa. Lakini niliwakataza," alisema.

"Kwa mafumbo ya nyanya," alisema Siwema. "Ungesema mashine zimezimwa, nani angenunua?"

"Na kaka yangu angelisha watoto wake nini? Hapana yangu mliisikia, mkaicheka."

Hakuna aliyekubali kuachwa nje ya kibanda. Mvua ikaanza kudondoka. Mwenye kibanda, aliyekuja kuchukua kodi, akachoka kusubiri. "Nipeni majina mawili," alisema, "au nimpe mwingine."

Sasa semeni nyinyi mliosikia. Mmoja alileta neno, mmoja aliongeza hasara, mmoja alijua akanyamaza na bado akatia sahihi. Je, nani anastahili kubaki mvuani?