Nyanya za Bi Salha na Zamu ya Mfereji

Wametusimulia wakubwa wetu kwamba zamani, katika bonde moja la wakulima wa nyanya, aliishi mjane mchamungu, Bi Salha, Mola amrehemu. Mashamba yalipata maji ya mfereji kwa zamu, na ada yao ilikuwa kali: aachaye zamu yake huipoteza mpaka msimu mwingine.

Sasa wenzake walikuwa na mchezo mchafu. Kila wakikaribia kuchuma, huyafurikisha mashamba kwa maji. Nyanya hunenepa, hung'aa, hulemea mizani, kisha hupasuka njiani na kuoza kabla ya soko. Na walijua! Walijua, na swala wakiswali safu ya mbele. Audhubillahi!

Bi Salha akaiacha zamu yake ipite. Bwana Makame, msimamizi wa mfereji na mkulima mwenzake, akamjia juu.

"Maji ni neema ya Mungu, Bi Salha. Waikataa neema?"

"Neema siikatai, bwana. Nakataa kumuuzia mja wa Mungu maji kwa jina la nyanya."

"Basi zamu huna. Hiyo miche yako mipya utainyweshea machozi."

Miche ile ndiyo iliyotegemewa na wajukuu zake mayatima. Bibi akasema, "Hasbiyallah, Mola anitosha," akaenda kuchuma.

Mchuuzi Abeid alipoziona nyanya zake akacheka. "Hizi nyanya au ndulele za porini?" Akachukua tenga moja, kwa kumhurumia tu, na kwa matenga ya wenzake akajaza punda wote.

Ijumaa iliyofuata watu walitoka msikitini wakamkuta Abeid mlangoni na tenga la nyanya zilizooza linalotiririka, nzi wamelijaa.

"Mengine yote kama hili nimeyamwaga jalalani, ila la Bi Salha!" akafoka. "Mcheni Mungu!"

"Ulizikagua mwenyewe," akasema Makame.

"Nilikagua ngozi! Ya ndani mliyajua ninyi!"

Makame akatazama viatu vyake, kisha akachukua jembe, akaenda kuifungua zamu yake mwenyewe kwenye shamba la mjane. Miche ilikuwa imelala chini, mingine imeshakufa.

Bi Salha hakumlaumu. Alisema tu, "Taratibu, bwana. Usiizamishe."

Ndugu zangu, hasira yangu haijapoa, maana mchezo huu tunao hata leo, na tunauita ujanja wa biashara. Ujanja gani huo? Mnunuzi huiona nyanya sokoni. Mola alikuwepo ulipofungua mfereji.