Baraza la Lutengano

"Ubao hausifiwi na randa, husifiwa na sakitu." Mmeisikia, mmecheka, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Tulieni basi. Methali hii ilizaliwa hukuhuku Makete, nyumbani kwa Lutengano.

Lutengano alijenga nyumba kwenye mteremko, akataka mbele yake baraza la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo, na chini yake korongo. Fundi Tweve, mzee asiyejua kubembeleza mteja, alimwambia, "Chukua mlingoti, mkaratusi uliokauka misimu miwili. Nitauacha na makovu ya msumeno, na kati ya ubao na ubao nafasi ya kidole, maji yapite."

"Makovu na mianya? Mzee wangu, hilo si baraza, ni zizi la mbuzi!"

Alikuwa na sababu ya kutaka uzuri. Mkewe, Enisa, alikuwa karibu kujifungua mtoto wao wa kwanza baada ya miaka tisa ya kungoja, na wageni wangefika. Akanunua msindano, ule msonobari laini, akaupiga randa mwenyewe, akabana ubao kwa ubao, akapaka vanishi mpaka ukang'aa kama kioo. Kila aliyepita alisifu, naye kichwa kikavimba.

Mtoto alizaliwa Juni, wakati wa sakitu, umande unapoganda kuwa barafu. Siku ya kumtoa nje, bibi yake, Atupele, mama yake Lutengano, alimbeba alfajiri, kama ilivyokuwa desturi ya ukoo ule, ili jua la kwanza limwone.

Lutengano alikuwa uani akipasua kuni. Alipoinua macho alimwona mama yake katikati ya baraza, mtoto mikononi, mguu mmoja umeteleza, mwili umeelekea korongoni. Umande ulikuwa umelala juu ya vanishi ukaganda. Na uzio ulikuwa bado haujawekwa.

"Mama, usisogee!"

"Nisogee wapi? Miguu si yangu tena."

Alipanda mbio, akateleza, akaanguka kifudifudi. Baraza likatikisika, na mama yake akasogea shubiri moja kuelekea ukingoni.

Enisa akatokea mlangoni na ungo wa majivu ya jikoni. Aliyamwaga mbele yake huku akipiga hatua moja moja. Lutengano akatambaa kwa tumbo, akaudaka mguu wa mama yake, akaung'ang'ania. Enisa akamfikia mama mkwe wake, akampokea mtoto, akampa mkono. Wakarudi ndani juu ya majivu.

Lutengano alichukua mtaimbo akaanza kung'oa mbao, machozi yakimtoka.

"Wote walilisifu, mama," akasema.

"Walilisifu wakiwa njiani, mwanangu," Atupele akajibu. "Mimi nimesimama juu yake na mjukuu wangu mikononi. Ubao hausifiwi na randa, husifiwa na sakitu."