Chungu cha Mapatano

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma sijawasikia. Mmeshiba, sasa mnasinzia. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani, watu na wanyama walipokuwa wakiamkiana njiani na kuulizana habari za nyumbani, palikuwa na kijiji kiitwacho Kidundu. Kidundu hapakuwa na askari wala jela. Palikuwa na ibada, na ibada yenyewe ilikuwa chungu.

Kila mwaka, kabla ya mvua za kupandia, kila nyumba ilileta konzi moja ya unga, ukapikwa uji katika chungu kimoja kikubwa, wakala wote. Lakini chungu hakikutiwa moto hivi hivi. Korongo, kiongozi wa ibada, alisimama juu ya miguu yake mirefu akauliza mara tatu: "Nani ana kinyongo? Nani ana kinyongo? Nani ana kinyongo?" Mwenye kinyongo alitoka mbele ya watu akapatana na mwenziwe. Kama angekificha, Muumba angekipasua chungu. Ndivyo walivyoamini, na msiwacheke. Kwa ajili ya chungu hicho ndugu waliokatana mapanga walishikana mikono, na mjane aliyenyang'anywa shamba alirudishiwa shamba lake.

Mfinyanzi wa chungu hicho alikuwa Bi Sikudhani, mwanamke mpole mwenye vidole vigumu. Ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kukifinyanga, kipya kila mwaka. Udongo aliletewa na Fungo, maana Fungo ana pua. Aliunusa udongo mzuri hata ukiwa chini ya mchanga wa mto. Alimwita Bi Sikudhani bibi, naye alimwita mjukuu wangu. Wengine walimwita mwenye harufu. Kweli Fungo hunuka, lakini si kosa lake, ndivyo alivyoumbwa.

Mwaka mmoja mvua zilichelewa, visima vikabaki matope. Mwaka huohuo Bi Sikudhani alikwenda kwa dada yake kumtoa mwali, akacheza ngoma, akala pilau, akajisahau. Aliporudi zilibaki siku tisa tu. Chungu cha ibada hukaushwa kivulini siku kumi na nne, polepole, ndipo kichomwe. Bi Sikudhani alikianika juani. Akajiambia, mara moja tu, nani atajua?

Siku ya ibada Korongo akauliza mara tatu. Wenye ugomvi wakapatana, moto ukawashwa, uji ukaanza kutokota. Mara chungu kikalia ta! Uji wote ukamwagika majivuni, watoto wakaangua kilio.

Korongo aliviinamia vigae. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Aliona vifaranga wake wanakonda, akaogopa kwamba Muumba amewapa kisogo. Akauliza tena nani ana kinyongo, na hakuna aliyetoka. Hapo Kanga, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, akasema pengine si kinyongo, pengine kuna najisi. Akamtazama Fungo, na watu wote wakamtazama Fungo. Wakaulizana ni nani ananuka, ni nani hutembea jua likizama, ni nani aliyeugusa udongo wa chungu kwa mikono yake. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamekwisha kukata shauri: Fungo, mkewe na watoto wao watatu waende zao mbuga ya magadi, kusikoota hata ukoka.

Wakamtoa wakiimba nyimbo za ibada, nyimbo zilezile walizoziimba wakipatana. Alipopita mbele ya Bi Sikudhani, Fungo akasimama.

"Bibi, nimekosa nini?"

Bi Sikudhani akatazama vidole vyake vya miguu. Alijua, na hakusema. Aliona aibu, na aliogopa, na aliwaza: nikisema, nani atakiamini chungu tena? Wale ndugu si watarudia mapanga yao?

Akaagizwa afinyange chungu kingine. Safari hii udongo aliuchimba mwenyewe, mgongo ukamuuma. Akakikausha kivulini siku kumi na nne kamili. Alipokwisha kukichoma alikigonga kwa kidole, kikalia vizuri, na moyo wake ukaanguka. Kwa maana chungu hiki hakitapasuka. Uji utaiva, watu watashangilia, watasema mmeona, najisi alikuwa Fungo. Na Fungo hatarudi milele.

Siku ya ibada akakibeba chungu kichwani mpaka uwanjani, akakiweka juu ya mafiga. Korongo akafungua mdomo aulize. Bi Sikudhani akamtangulia.

"Chungu hiki hakitapasuka," akasema. "Kile cha kwanza nilikianika juani kwa sababu nilichelewa ngomani. Fungo hana kosa. Kosa ni langu."

Kelele zikazuka uwanja mzima. Kanga akasema mama huyu amezeeka, akili zimemruka. Ndugu wawili waliopatana mwaka uliopita wakatazamana, na mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama mapatano yao nayo yalikuwa ya uongo.

Korongo alimtazama Bi Sikudhani kwa uchungu. "Umekaa kimya siku zote hizi. Kwa nini unasema leo?"

"Kwa sababu unataka kuuliza nani ana kinyongo, na mwenye kinyongo tumemfukuza."

Korongo akainama, akachukua kwa kigae kaa la moto lililowekwa tayari kuwashia kuni, akashika njia ya mbuga ya magadi. Hakumwita mtu. Ndugu wale wawili wakabeba chungu, wengine unga, wengine maji, wengine kuni. Hata Kanga alifuata, nyuma kabisa.

Wakamkuta Fungo, mkewe na watoto wao wakilamba umande juu ya mawe. Kwanza wakawanywesha watoto maji. Kisha Korongo akaikunja miguu yake mirefu, akapiga magoti, akauliza: "Nani ana kinyongo?"

"Mimi," akasema Fungo.

"Na nani?"

"Na wewe. Na Kanga. Na wote mlioimba. Na wewe, bibi, kuliko wote."

Wakamwomba radhi mmoja mmoja. Bi Sikudhani alilia, na Fungo naye akalia, akawasamehe. Korongo akamgeukia mke wa Fungo, akamuuliza vilevile.

"Mimi bado," akasema mwanamke yule, akawapa mgongo.

Basi moto haukuwashwa, kwa maana ibada ni ibada. Siku ya kwanza wakangoja, siku ya pili wakangoja, siku ya tatu wakangoja. Kijiji kizima kilikaa juu ya magadi na njaa yake, unga upo, kuni zipo, wanalilisha kaa lile vijiti lisizime. Hakuna aliyethubutu kusema najisi.

Jioni ya siku ya tatu mke wa Fungo akainuka. Akachukua kaa lile, akalichomeka mwenyewe chini ya chungu, akapuliza.

Mnaniuliza kama mvua ilinyesha? Ilinyesha ilipotaka. Hadithi yangu mimi imefika ukingoni, imeishia hapo penye moto.