Jembe Lililokataa Kulala

Haya ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu haya mawili, nimesimama mbele kabisa, na anayesema hakuniona siku hiyo basi yeye ndiye aliyekuwa nyuma. Shule niliiacha darasa la tano, lakini masikio yangu hayakuacha kusoma. Sogeeni.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, jenereta zilipoanza kufika vijijini, paliishi katika kijiji cha Mwandulu, huko Usukumani, mwanamke aitwaye Kalekwa. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha kulima, na alikuwa na wimbo. Aliutunga mwenyewe, shambani, jembe mkononi, na wote ulikuwa hivi:

Jembe, inuka.

Kimya.

Jembe, lala.

Basi. Wakisikia "inuka," majembe juu. Halafu kimya, kimya kirefu, mtu anavuta pumzi mpaka inafika tumboni. Halafu "lala," majembe chini, puu! Kwa wimbo huo walilima mashamba ya kijiji kizima na hakuna aliyezimia.

Sasa, Kalekwa alikuwa na mtoto wa kaka yake, Ngasa. Huyu alikwenda mjini, akarudi na gitaa la umeme, jenereta, spika kubwa kama makabati, na nywele. Akakusanya vijana wenzake, akatangaza kwamba wao wanapiga roki. Watu wakauliza roki ni nini. Ngasa akawasha jenereta. Kuku wa Mwandulu hawakutaga wiki nzima.

Na alipiga wimbo gani? Ule ule wa shangazi yake! Ila aliukimbiza. Kile kimya akakifuta. Ile "lala" akaifuta pia. Ikabaki "Inuka! Inuka! Inuka!" na gitaa linalia kama msumeno uliokutana na msumari. Vijana wakaupenda mpaka wakawa kama wagonjwa. Wakauimba njiani, wakauimba mtoni, wakauimba na shambani, na hapo ndipo balaa lilipoingia, maana anayelima kwa mwendo ule hapalilii, anachinja. Magugu chini, mtama chini, kidole gumba cha mguu kinaponea chupuchupu.

Kalekwa akamfuata Ngasa nyumbani kwake.

"We Ngasa! Jembe gani hilo la kuinuka tu? Mnalima mawingu?"

"Shikamoo kwanza, shangazi."

"Marahaba. Mnalima mawingu?"

"Shangazi, wimbo wako mtamu, ila una shimo katikati. Watu wanasinzia mle ndani."

"Shimo?" Kalekwa akashika kiuno. "Ulibebwa mgongoni kwangu kwa wimbo huo, ukasinzia humohumo shimoni, leo unaliita shimo?"

"Lakini kabla sijaupiga mimi, nani nje ya Mwandulu aliujua? Sasa unaimbwa hadi ng'ambo ya mto!"

"Wanaimba kelele zako. Wimbo wangu bado hawajausikia."

Wakavutana hivyo mpaka kwa Bundala, mwenyekiti wa ngoma, mtu wa tumbo kubwa na viapo vya haraka. Bundala hakusikiliza hata nusu. Akapanda juu ya kinu, akaapa mbele ya watu:

"Mtashindana kama ngoma zetu zote zinavyoshindana! Uwanja mmoja, wakati mmoja, huyu huku na huyu kule, mnapiga kwa pamoja. Watu wataenda panapowavuta. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Anachukua fahali wangu, na wimbo ni wake. Aliyeshindwa hataufungulia mdomo tena mpaka anaingia kaburini. Nimeapa!"

Fahali Kalekwa hakumjali. Ila aliposikia la mdomo, aliuziba wa kwake kwa kiganja. Wimbo ule aliuimba akichota maji, aliuimba akisonga ugali. Alitaka kusema hapana. Lakini vigelegele vilikuwa vimeshapigwa, na Bundala alikuwa anahangaika kushuka kwenye kinu.

Siku ikafika. Jua kali, vumbi, fahali amefungwa pembeni. Kalekwa na wakulima wake wakasimama upande wa mashariki. Ngasa na makabati yake, magharibi. Bundala akapuliza filimbi.

"Jembe, inuka," akaimba Kalekwa.

"Inuka! Inuka! Inuka!" ikajibu magharibi, na ardhi ikatetemeka.

Ndugu zangu, watu walihama! Walihama kama wameambiwa kule kunagawiwa nyama. Vijana wakaenda, mama zao wakawafuata, mababu wakasema wanakwenda kuwarudisha, wakabakia hukohuko. Upande wa Kalekwa pakabaki wakulima wake na mbwa mmoja, na mbwa mwenyewe amelala. Kalekwa akaendelea kuimba, lakini sauti ilikuwa imeanza kukatika. Kila alipoimba "lala" alijiambia, pengine hii ndiyo ya mwisho.

Sasa palikuwa na Minza, muuza karanga. Minza alikuwa ameweka sinia lake katikati ya uwanja, kwa sababu alitaka wateja wa pande zote. Akiwa pale, akainua kichwa. Akageuza sikio huku. Akageuza sikio kule. Akasimama.

Mashariki ilipoita "inuka," akainua mikono. Mashariki ikanyamaza, na gitaa la magharibi likaingia mle kwenye kimya kama mgeni aliyetengewa kiti, likamtikisa mabega. Mashariki ikaita "lala," akashuka mpaka chini, puu! Akapiga teke sinia, karanga zikatawanyika, wala hakuangalia.

"Mayu Minza!" watu wakamzomea. "Mama, jua limekupiga?"

"Njooni msimame hapa mzomee vizuri!" akawajibu.

Akaja mmoja. Akainuka, akatikisika, akashuka. Akaja mwingine. Punde magharibi pakawa wazi, na katikati pakajaa, mbwa naye yumo.

Ngasa kuona hivyo akakasirika, akazima gitaa. Watu wakasimama mikono juu, mabega yamekufa, wakapiga kelele: "Rudisha!" Akarudisha. Kalekwa akasema, ngoja na mimi nione. Akafunga mdomo. Watu wakainuka, wakainuka, wakainuka, hakuna wa kuwashusha, wakaangukiana kama kuni.

"Shangazi, imba!" akapiga kelele Ngasa mwenyewe.

Ngoma ilipokwisha, wote watatu wakaenda kwa Bundala.

Kalekwa akasema: "Wimbo ni wangu. Niliutunga mwaka ambao marehemu mume wangu kifua kilimbana, na alikataa kubaki nyumbani. Kile kimya nilikiweka ili apate pumzi, asiachwe nyuma na wenzake. Ngasa alikifuta bila hata kuniuliza kilikuwa cha nani."

Ngasa akainamisha nywele zake. "Hilo sikulijua, shangazi. Lakini wimbo ni wangu pia. Wewe uliufungia shambani, mimi niliutembeza. Bila mimi, uwanjani leo angekuwepo nani?"

Minza akasema: "Ninyi nyote mmepiga mpaka mmetoka jasho, na hakuna aliyejua mnapiga nini. Mimi ndiye niliyesikia. Watu walikuja kwangu, si kwenu. Na karanga zangu zimeliwa na kuku."

Bundala akatazama fahali. Akatazama kinu alichoapia. Msiniambie wagawane: mtu ameapa mbele ya kijiji, wimbo una mdomo mmoja, wengine wanyamaze maisha yao yote.

Kitu kimoja nikiri, kabla hamjanijibu. Yule fahali nimemnenepesha mimi. Alikuwa beberu, tena ana kikohozi. Lakini wimbo ulikuwa vilevile nilivyosema, na kimya chake kilikuwa vilevile.

Je, nani alistahili kuuimba?